Leo amefanya nini kwa mkono wake?

Hotuba kwa wazazi na walezi wa watu wenye usonji na ulemavu wa akili, Moshi. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Shikamooni wazee wangu. Habari zenu akina mama na akina baba, na ninyi dada na kaka mnaolea watoto wa wenzenu kwa mshahara mdogo na subira nyingi. Nawasalimu pia vijana wetu waliokuja. Yule anayezunguka nyuma ya viti mwacheni azunguke. Ukumbi huu ni wake pia.

Kabla sijaenda mbali, niseme jambo moja. Visa nitakavyosimulia si vya mtu fulani. Nimeviunganisha kutokana na mambo yanayojirudia nyumba hadi nyumba, kuanzia Pasua hadi Uru, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole. Ukijiona ndani yake, jua mko wengi.

Naanza na swali. Jioni unarudi kutoka sokoni Mbuyuni, unatua mzigo, unamkuta dada anaanua nguo. Unamuuliza nini? "Amekula?" Amekula, mama. "Ameoga?" Ameoga. "Amesumbua?" Hapana, alitulia tu kwenye mkeka. Basi roho inatua, unavuta kigoda, unakunywa chai.

Maswali hayo si mabaya. Lakini nisameheni, hata ng'ombe wa bandani tunamuulizia hayohayo: amekula, ameoshwa, ametulia. Kwa ng'ombe yanatosha. Kwa mtoto wako hayatoshi, wala kwa kaka yako mwenye miaka 40. Leo nimekuja kuwaombea swali la nne, na nitalirudia mpaka mlichoke: leo amefanya nini kwa mkono wake?

Twendeni Uru. Kuna binti wa miaka 16. Ukifika hapo nyumbani unamkuta chini ya migomba, kwenye mkeka safi, amesukwa vizuri, amepakwa mafuta. Mama yake anasifiwa kijiji kizima, na sifa hizo ni haki yake. Sasa muulize mama habari za zamani. Atakwambia binti alipokuwa na miaka 8 alikuwa anashika kijiko mwenyewe. Alikuwa anakwenda chooni akishikwa mkono. Leo analishwa, anavaa nepi, na magoti yamekakamaa hayanyooki. Ugonjwa mpya hakuna. Kilichotokea ni haraka. Akila mwenyewe anatumia dakika 40 na uji unamwagika mpaka kifuani. Akilishwa, dakika 10. Siku moja kulikuwa na msiba, akalishwa. Wiki hiyo dada alikuwa mgeni, akalishwa. Miaka 8 ikapita. Mkono usiotumika unasahau, na goti lisilonyooshwa linafunga. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Mshindo wa nyumba ile ni magoti.

Msidhani mambo haya yanaletwa na umaskini peke yake. Uingereza kulikuwa na hospitali binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili na usonji, ikiitwa Winterbourne View, karibu na Bristol. Ilikuwa na vitanda 24. Mgonjwa mmoja aligharimu wastani wa pauni 3,500 kwa wiki. Mwaka 2011 televisheni ya BBC ilirusha picha zilizopigwa kwa kamera ya siri: wahudumu wanawapiga wagonjwa, wanawaburuta sakafuni, wanawamwagia maji. Wahudumu 11 walitiwa hatiani, na mwaka 2012 sita kati yao walipelekwa jela. Hospitali ilifungwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha mengi, lakini mawili yanatuhusu sisi wa hapa. Wagonjwa walishinda bila shughuli ya maana. Na ndugu waliokwenda kuwaona hawakuruhusiwa kufika vyumbani.

Siku isiyo na shughuli, na chumba asichoingia mgeni. Je, hapa Moshi hatuna vyumba vya uani ambavyo mgeni haonyeshwi?

Basi turudi kwa yule binti. Mkono unarudishwaje? Kwa kazi ndogo iliyokatwa vipande. Chukueni kuvaa fulana. Ina vipande kama 6: kushika pindo, kuingiza kichwa, kuvuta mpaka shingoni, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kushusha mpaka kiunoni. Karibu kila mzazi anaanzia cha kwanza. Mtoto anashindwa, anakasirika, mzazi anamalizia mwenyewe. Anzeni na cha mwisho! Wewe fanya vipande 5, mwachie cha sita: kushusha fulana. Akishusha, amemaliza kazi yeye, na sifa ni yake. Akiweza siku 3 mfululizo bila kusaidiwa, mwachie cha tano na cha sita. Hivyo hivyo mnarudi nyuma, kipande kwa kipande.

Simama nyuma yake, si mbele, ili mikono yenu ielekee upande mmoja. Mwanzoni mkono wako uwe juu ya mkono wake. Siku zikienda, shika kifundo tu, kisha kiwiko, kisha onyesha kwa kidole, kisha subiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo tunaposhindwa. Sema neno moja, "Vaa," halafu hesabu kimoyomoyo mpaka 10. Watu wengi wenye ulemavu wa akili huchukua muda kupokea neno, kulielewa na kuutuma mkono. Sisi tukihesabu mpaka 2 tunaanza: "Haya baba vaa basi, si unasikia, tunachelewa, vaa fulana yako." Hayo ni maneno 10 mapya juu ya moja ambalo alikuwa bado analifanyia kazi. Anaanza upya. Tunasema hasikii. Anasikia, tunamkatiza.

Neno liwe lilelile kwa watu wote wa nyumbani. Bibi akisema "jivike," dada akisema "vaa," na baba akisema "jitayarishe," huyo ana lugha tatu za fulana moja. Na msimfundishe saa 12 asubuhi wakati kila mtu anakimbilia daladala. Fundisheni jioni, au Jumamosi, kazi moja tu kwa wiki 3 au 4. Kama ni kula, zungushieni mpini wa kijiko kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka unenepe, vidole vipate pa kushika. Chini ya bakuli wekeni kitambaa kilicholowa ili lisiteleze. Hayo ni mambo ya shilingi mia chache. Anayetaka kwenda mbali zaidi awatafute wataalamu wa tiba kwa vitendo. Bahati yetu, kwenye hospitali ya KCMC hapa Moshi kuna chuo kinachowafundisha, na hii ndiyo kazi yao hasa.

Ndugu zangu, sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo limewaleta wengi wenu hapa. Anapiga, anauma, anajigonga ukutani. Tufanyeje?

Nawapa kisa cha Pasua. Kijana wa miaka 19, ana usonji, haongei. Kwa miaka yote alikuwa mpole. Ghafla akaanza kujipiga ngumi usoni na kutupa sahani. Wakaombewa nyumba nzima. Baadaye wakapewa dawa ya kumtuliza, akawa analala mchana na kupiga kelele usiku. Mwishowe akafungiwa chumbani. Mpaka dada wa pale, ambaye shule aliishia darasa la saba, akaambiwa anunue daftari na kuchora mistari ya safu 3: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Siku 14, bila kuruka.

Sikieni alivyoandika. Jumanne saa 1 usiku: alipewa ndizi za kuchoma, akajipiga shavu la kushoto mara 6, akatupa sahani, alipelekwa chumbani. Alhamisi saa 8 mchana: alikunywa maji ya friji, akajipiga shavu la kushoto, akalia, alifungiwa. Ijumaa: alikula mtori wa vuguvugu, hakufanya kitu. Jumamosi usiku: alilala ubavu wa kushoto, akaamka akipiga kelele.

Mmeshaona? Na dada aliona, siku ya 9. Shavu lilelile. Kigumu na baridi vinamwamsha, laini na vuguvugu vinampita. Alipopelekwa kwa daktari wa meno, gego la chini kushoto lilikuwa limeoza mpaka mzizi. Likang'olewa. Ngumi zikaisha. Miezi 5 kijana yule alikuwa anatuambia "jino linaniuma" kwa lugha pekee aliyokuwa nayo, na sisi tukamjibu kwa kufuli.

Kwa hiyo tabia ikibadilika ghafla, kabla ya kufikiri pepo, kabla ya kufikiri ukaidi, tafuteni maumivu. Anzeni juu mshuke chini. Masikio: anavuta sikio, anatoa usaha? Meno: anatafuna upande mmoja? Koo na kifua: anajipinda baada ya kula, anacheua chakula kichungu? Mkojo: analia akikojoa? Binti: hasira zinakuja karibu na siku zake? Ngozi, kucha za miguu, viatu vinavyobana. Na tumbo. Tumbo naomba nilisemee peke yake, maana hapo tunakosea vibaya sana.

Mtu asiyetembea sana, asiyekunywa maji kwa sababu hawezi kuomba, na anayetumia dawa za kutuliza au za kifafa, anafunga choo kwa urahisi. Andikeni choo kwenye daftari kila siku: kimetoka, kigumu au laini. Siku 3 bila choo ni kengele. Sasa sikilizeni mtego. Choo kikiziba kwa muda mrefu, majimaji hupenya pembeni na kuchafua nguo kidogo kidogo mchana kutwa. Mama anaona anaharisha. Anampa dawa ya kuzuia kuharisha, anampunguzia matunda. Amefunga mlango uliokuwa tayari umefungwa! Kabla ya kusema anaharisha, muulize daftari: choo kamili kilitoka lini? Mpeni maji kidogo kidogo kutwa, papai, mboga za majani, na matembezi. Baada ya chai ya asubuhi akae chooni dakika 10, miguu ikikanyaga chini au kwenye kigoda. Kama choo ni cha shimo na hawezi kuchuchumaa, fundi seremala atawatengenezea kiti chenye tundu. Lakini tumbo likivimba na kuwa gumu, au akianza kutapika, hospitali siku hiyohiyo. Uingereza, ambako vifo vya watu wenye ulemavu wa akili hufanyiwa mapitio, imeonekana wanakufa takriban miaka 20 mapema kuliko watu wengine, na kufunga choo ni mojawapo ya mambo yanayowaua. Choo, wapendwa. Kitu cha papai na maji.

Si kila tabia ni maumivu, najua. Wapo wanaoumizwa na sauti. Spika za kanisani, mashine ya kuchomelea geti, king'ora. Kwa mwenye usonji sauti ile inaweza kumchoma kweli, si kwamba anadeka. Wapo wanaotaka kitu na hawana neno la kukiomba. Wapo wanaotaka kukimbia kazi ngumu. Daftari litawaambia ni lipi. Safu ya tatu ndiyo yenye siri: kila akipiga, nini kinafuata? Kama kila akitupa sahani anaondolewa mezani penye kelele za watu 9, amejifunza kwamba sahani ndiyo mlango wa kutokea. Mpeni mlango mwingine. Kadi yenye picha ya mlango, akiigusa anatoka nje. Mara 20 za kwanza mwacheni atoke papo hapo, hata kama hajamaliza kula, mpaka aamini kwamba kadi inafanya kazi kuliko sahani.

Kuhusu dawa nitasema kwa kifupi lakini kwa uzito. Hakuna dawa inayoponya usonji. Zipo zinazoweza kupunguza hasira kali na kujiumiza kwa baadhi ya watu, na daktari anayemjua mgonjwa anaweza kuzitumia vizuri. Zina gharama yake: risperidoni huongeza uzito na usingizi, haloperidoli inaweza kukakamaza mwili, kupindisha shingo, kutoa mate. Fenobabitoni ya kifafa huwafanya baadhi ya watoto wasitulie kabisa, kisha mtoto anapewa dawa ya pili ya kutuliza vurugu zilizoletwa na ya kwanza. Mwaka 2015 Uingereza ilikadiriwa kwamba watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wanatumia dawa za akili bila kuwa na ugonjwa unaozihitaji. Kule kwenye madaktari tele! Kwa hiyo muulizeni daktari: dawa hii ni ya nini hasa, tutajuaje imefanya kazi, madhara gani tuyaangalie, na tutaipitia tena lini? Nendeni na daftari. Lakini msiikatishe wenyewe nyumbani, hasa ya kifafa. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika.

Na likija degedege: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimshikilie kwa nguvu. Usiingize kijiko mdomoni, kinavunja meno na kuziba pumzi. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, hospitali. Aoge kwa ndoo na kopo, mtu akiwa karibu, na asiachwe peke yake karibu na mafiga wala jiko la mkaa.

Chakula nacho. Nani kati yetu hajawahi kumwona mtoto mkubwa amelazwa mapajani, kichwa kimeinamia nyuma, uji unamiminwa? Koo likiwa limenyooshwa hivyo, njia ya hewa iko wazi, na uji unaingia mapafuni. Anakohoa, anapata homa, anatibiwa nimonia, anarudi nyumbani, analishwa vilevile, nimonia inarudi. Akae wima, miguu ikanyage, kidevu kielekee kidogo kifuani. Nusu kijiko cha chai. Tazama koromeo lipande na kushuka ndipo ulete kingine. Baada ya kula abaki amekaa dakika 30. Sauti ikiwa kama ina maji kooni, au akikohoa kila mlo, mwambieni mtaalamu. Vyakula vyetu vya Kilimanjaro vinatusaidia hapa: mtori laini unateremka polepole na kwa pamoja. Kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage, kipondeni kwanza. Ugali mkavu wenye mchuzi mwepesi ni hatari, kwa sababu mchuzi unatangulia kabla hajamaliza tonge. Na mbege ya kumfanya alale, hapana. Hata kidogo. Pombe na dawa za kifafa ni sumu juu ya sumu.

Hapa naona mama mmoja anatikisa kichwa. Unasema: haya yote mazuri, mwalimu, lakini wangu anatoroka. Nisipomfunga atakufa.

Ninakuelewa. Watu wengi wenye usonji huvutwa na maji, na sisi tumezungukwa na maji: Karanga, Rau, Njoro, na mifereji ya mababu inayopita kila kihamba, yaani shamba la ukoo. Hofu yako ina msingi. Lakini kamba inafanya nini? Mtoto aliyefungwa kwa miaka 6 hajajifunza mpaka wa shamba, hajajifunza kusimama akiambiwa "simama," na siku kamba inakatika anakwenda moja kwa moja mtoni akiwa hajui lolote. Kamba inaahirisha hatari huku ikiinenepesha.

Kuna kijana wa Kibosho aliyekuwa anatoroka kila siku kati ya saa 9 na saa 10 alasiri. Walipomfuata badala ya kumrudisha, waliona anakwenda mahali pamoja: penye mlango wa mfereji, maji yanapofunguliwa. Anasimama, anatazama yakianza kutiririka, anacheka. Basi. Sasa saa 9 mjomba wake anamshika mkono wanakwenda pamoja, nusu saa, wanarudi. Geti limefungwa kengele ya mbuzi, wakisikia wanatoka. Nyumba 5 za jirani zina picha yake na zinajua kumwambia "simama" kwa neno hilohilo. Namba ya simu ya mama imeshonwa ndani ya pindo la shati. Leo amefanya nini kwa mkono wake? Juzi mjomba alimwachia afungue maji.

Sasa nataka kuzungumza juu ya dada. Na ninyi akina dada mliopo, kaeni mbele, haya ni yenu.

Ubora wa malezi nyumbani hauwezi kuzidi hali ya anayelea. Mlezi anayeamka usiku mara 4 na kuanza kazi saa 11 alfajiri, siku 7 kwa wiki, mwezi wa tatu atapiga. Sisemi kwamba ni haki. Nasema itatokea, nanyi mtamfukuza, mtaleta mwingine, na mtoto ataanza upya na mikono asiyoijua. Kwa mtu mwenye usonji kubadilishiwa mlezi mara 4 kwa mwaka ni msiba mara 4. Mpeni siku nzima ya mapumziko kila wiki, na asubuhi ya baada ya usiku mbaya mtu mwingine ashike. Mlipeni kwa tarehe mliyoahidi. Mlezi mpya asiachwe peke yake siku ya kwanza: siku 3 atazame tu, siku 4 afanye huku anatazamwa, ndipo mwondoke. Mtu mzima asinyanyuliwe na mtu mmoja. Wawe wawili, magoti yakunjwe, mgongo usipinde. Migongo ya walezi ndiyo inayovunjika kimyakimya.

Na tuseme lile tunaloliogopa. Watu wetu wanadhulumiwa kimwili na kingono, na mara nyingi mdhalimu ni mtu anayeaminika. Kinga yake inaanza kwenye kuoga. Mlango ufungwe, taulo lifunike, watu wanaomwogesha wajulikane kwa majina na wasizidi wawili. Ajifunze majina halisi ya sehemu zake za siri, au alama zake kama haongei. Aoshe sehemu hizo mwenyewe kadiri awezavyo, mkono wako juu ya wake. Binti afundishwe kubadilisha pedi kabla hajavunja ungo, kwa mwanasesere na maji ya rangi nyekundu, hatua kwa hatua kama ile fulana. Na sindano ya kuzuia mimba haizuii kubakwa. Inaficha ushahidi tu.

Lakini kinga kubwa kuliko zote ni "hapana" yake. Mtu aliyefundishwa kwa miaka 20 kumtii kila mkubwa anayemshika atamtii pia mbaya. Asubuhi mwonyeshe shati mbili, achague. Akisukuma uji, jaribu baadaye, usimbane pua. Akikataa kukumbatiwa na shangazi, shangazi asinune. Anayejua kwamba hapana yake inasikika mezani ataitumia na gizani. Ukishuku jambo, usimwogeshe, usifue nguo, nenda hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kwa mtoto, namba 116 inapigwa bure.

La mwisho wazee wangu wanalijua, maana linawakosesha usingizi: nikifa nani atamtunza? Msingoje kikao cha matanga ndipo ndugu waulizane. Itisheni kikao cha ukoo mkiwa hai. Atabaki kwenye kihamba au atahamia kwa nani? Anayemchukua ameshalala naye nyumba moja wiki nzima, au anamjua kwa picha tu? Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na bima viwe bahasha moja. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijijini na mtaani. Mtendaji wenu mnamjua. Muulizeni kamati ya mtaa wenu inakutana lini na nani anawawakilisha wasioongea. Na katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ombeni mkiwa kikundi, mkiwa na kazi ambayo vijana wetu wataishika: kuku, miche ya migomba, kukunja na kupanga magunia.

Nimemaliza maneno, imebaki kazi. Kwenye meza pale mlangoni kuna daftari na kalamu kwa kila nyumba. Kabla hamjaondoka, jazeni ukurasa wa kwanza, mzazi na dada pamoja. Mstari wa kwanza: akitaka kitu, anaonyeshaje. Wa pili: akikataa, anaonyeshaje. Wa tatu: akiumwa, anaonyeshaje. Wa nne: anavyokula na anavyokaa akila. Wa tano: dawa, kiasi, na saa. Wa sita: kinachomtisha. Wa saba: kinachomchekesha. Mkikwama kwenye mstari wowote, acheni wazi, nendeni mkamtazame wiki hii mjaze. Vijana wanaoweza kushika kalamu, au kuchovya kidole kwenye wino, jina la juu ya ukurasa waweke wao wenyewe. Msiwashike mkono haraka. Hesabuni mpaka kumi.